TUNDU, MAKALI NA KIDOLE: Mazungumzo juu ya Vyombo vya Kukatia

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo kila mtu hulifanya kila siku wala halifikiri, nalo ni kukata. Mama hukata mchicha, mkulima hukata muwa, kinyozi hukata nywele, fundi cherehani hukata nguo. Kila mmoja ana chombo chake, na kila chombo kina umbo lake. Je, umbo hilo limekuja bure? La. Kila umbo lina sababu, na mtu asiyeijua sababu huweza kuumia, au kumwumiza mwenzake. Sisi tunaosema nanyi ni walimu, nasi tulijifunza neno hilo kwa uchungu, kama mtakavyosikia.

Habari zetu zatoka Ruhembe, katika wilaya ya Kilosa, upande wa kusini wa Mikumi, mahali ambapo milima huishia na bonde la miwa huanza. Wengi wenu mwaijua nchi hiyo kwa sababu ya sukari. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero, kilichoko Kidatu, kilianza kazi mwaka 1962. Na kiwanda cha pili, upande wa pili wa Mto Ruaha Mkuu, yaani upande wetu wa Ruhembe, kilifuata mwaka 1976. Tangu hapo watu wengi wa vijiji vyetu hulima miwa katika mashamba yao wenyewe na kuiuza kiwandani. Ada ya mtoto ya shule, bati la nyumba, dawa ya mgonjwa, vyote hutoka katika muwa. Kwa hiyo mtu akisema habari za kukata, katika Ruhembe asema habari za chakula.

Lakini hatutaanza na muwa. Tutaanza na kitu kidogo chenye ukubwa wa kiganja.

Siku moja mzee mmoja alikuja shuleni akatupigia hodi mlangoni. Wanafunzi wakasimama wakamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni." Kisha akafungua kitambaa chake akatoa chombo cha chuma, akakiweka juu ya meza. Alisema, "Mwalimu, kitu hiki nilikirithi kwa marehemu baba yangu. Alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja wa mashamba ya katani kule Kimamba. Bwana alipoondoka alimwachia vikombe, kiti kimoja, na kitu hiki. Vikombe vilivunjika, kiti kililiwa na mchwa, na kitu hiki sijajua kazi yake hata leo. Ninyi mliosoma, niambieni."

Tukakitazama. Kilikuwa na mabamba mawili membamba ya chuma, yaliyopandana kama viganja viwili vilivyofumbatwa. Katikati ya mabamba palikuwa na tundu moja la mviringo, na katika kila ncha palikuwa na pete ya kutia kidole. Ukivuta pete hizo, tundu hufunguka; ukizisukuma, makali mawili hutokea, moja kutoka kuume na moja kutoka kushoto, na tundu hufumba kama jicho.

Hatukuwaambia wanafunzi jibu, bali tuliwaachia wakisie. Mmoja alisema ni cha kukatia kucha. Mwingine alisema ni cha wakunga, cha kukatia kitovu cha mtoto. Wa tatu alisema ni cha kukatia mkia wa mbwa, nao wote wakacheka. Na wakati wakicheka, msichana mdogo wa mstari wa mbele alinyosha mkono, akatia kidole chake cha shahada katika tundu lile, apate kuona kama kinaenea. Kilienea barabara. Tulimshika mkono upesi, tukakitoa kidole. Hakuumia. Lakini ikumbukeni picha hiyo, Mabibi na Mabwana, maana tutairudia.

Kitu kile kilikuwa kikata sigara. Hatusemi sigara hizi nyembamba za karatasi, bali zile nono za majani matupu ya tumbaku, yaliyosokotwa na kuviringishwa katika jani moja zuri la nje. Sigara ya namna hiyo huzibwa upande mmoja kwa kipande cha jani mfano wa kofia, ili jani la nje lisifunguke. Basi kabla ya kuivuta, mtu hukata ncha ya kofia hiyo, kadiri ya upana wa punje ya mtama, moshi upate njia. Akikata kidogo mno, moshi haupiti. Akikata kupita mahali pa kofia, jani la nje hufunguka na sigara yote huharibika. Hatuwafundishi kuvuta tumbaku. Madaktari wamekwisha kuthibitisha ya kuwa huharibu mapafu na moyo, na mwanafunzi hana haja nayo. Twataka mtazame chombo tu, maana aliyekitengeneza alikuwa na akili.

Tuulize: kwa nini makali mawili? Kwa nini lisitoshe moja?

Jani kavu la tumbaku ni jepesi kuchanika. Makali yakija kutoka upande mmoja tu, huanza kukata vizuri mahali yanapoingia; lakini huku yakikata, huusukuma mwili wa sigara kwenda upande wa pili. Kule upande wa pili hakuna kitu ila jani lililobanwa. Makali yafikapo mwisho hayakati tena, bali husukuma, na jani hupasuka vipande vipande. Mkitaka kuliona jambo hili, kateni bua bichi la mgomba kwa kisu butu, mkibonyeza kutoka juu tu. Tazameni mahali kisu kinapotokea chini, mtaona nyuzi zimevutika na kuning'inia.

Lakini makali yakiwa mawili, nayo yakija kwa pamoja kutoka kuume na kushoto, kila moja huuzuia msukumo wa mwenzake. Sigara haiendi huku wala huku. Yakutana katikati, nayo kazi imekwisha. Ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: wakipatana, kinu husimama, mmoja akitwanga peke yake kwa nguvu upande mmoja, kinu hulala.

Basi hiyo ni kanuni ya kwanza: kitu kinachokatwa sharti kishikwe. Ama kishikwe na mkono, ama na ardhi, ama na makali ya pili. Kisiposhikwa, hukimbia, na kikikimbia huchanika.

Kanuni ya pili ni ya kabari. Ukiligusa papai kwa kidole, halikatiki. Ukiligusa kwa kisu kwa nguvu ile ile, hukatika. Nguvu ni moja, ila kidole huigawa juu ya mahali papana, na kisu huikusanya juu ya mstari mwembamba kama unywele. Makali si kitu ila kabari nyembamba. Kabari ikiwa nyembamba sana huingia kwa urahisi, lakini huvunjika upesi, kama wembe. Ikiwa nene hudumu, lakini yataka nguvu, kama shoka. Ndiyo sababu hatunyoi kwa shoka wala hatupasui kuni kwa wembe.

Tena mtazameni mama akatapo mchicha. Habonyezi kisu tu, bali hukivuta. Kwa kuvuta, makali hugusa jani kidogo kidogo, mahali baada ya mahali, wala hayapambani na upana wote kwa mara moja. Na fundi akitengeneza mashine ya kukatia, huweka makali yake mshazari kwa sababu iyo hiyo: yaanze ncha moja yaishie ncha ya pili.

Kanuni ya tatu ni ya wenzo. Kwa hiyo natuondoke kidogo Ruhembe, twende pwani.

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Unguja na Bagamoyo, watu wamekuwa wakitafuna tambuu tangu zamani: jani la mtambuu, chokaa, na popoo. Popoo ni kokwa gumu kama mbao. Meno ya mzee hayaliwezi. Kwa hiyo lina kikata popoo chake. Ni chuma chenye mikono miwili iliyofungwa pamoja kwa msumari katika ncha moja tu. Mkono wa juu una makali. Wa chini ni butu. Popoo huwekwa karibu na ule msumari, na mtu hushika mbali, mwisho wa mikono. Akibana, popoo hupasuka, hata mkono wa bibi kizee huweza.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Yatoka katika umbali. Ule msumari ndio egemeo. Ikiwa toka egemeo mpaka popoo ni inchi moja, na toka egemeo mpaka mkono wako ni inchi tano, basi nguvu ya mkono wako huzidishwa mara tano. Ukibana kwa nguvu ya kilo 6, popoo labanwa kwa nguvu ya kilo 30, ila kidogo hupotea kwa msuguano. Lakini hakuna zawadi ya bure: mkono wako wasafiri inchi tano ili makali yasafiri inchi moja. Mkasi nao ni wenzo, ila egemeo lake li katikati. Kile kikata sigara cha Babu hakina wenzo, maana jani la tumbaku si gumu. Nguvu ya vidole yatosha. Basi mwaona: popoo gumu lilitaka wenzo na kabari moja, jani laini lilitaka makali mawili bila wenzo. Chombo humfuata anayekatwa, si anayekata.

Na sasa turudi kwenye muwa.

Muwa una tabia zote mbili. Ganda lake ni gumu, na ndani ni laini na maji matamu. Ukisimama shambani, mkataji huukata kwa panga kwa pigo moja, chini kabisa karibu na udongo, kwa kuwa sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi. Anayekata juu aiacha fedha yake shambani. Pigo hilo lafaa kwa sababu muwa umeshikwa na mizizi yake, na panga laja kwa kasi, hata muwa hauna nafasi ya kukimbia. Hapo hapana haja ya chombo kingine.

Lakini kuna kukata kwa namna ya pili, nako ni kukata mbegu. Kama mjuavyo, mkulima hapandi punje za muwa; hupanda vipande vya muwa wenyewe, aghalabu kila kipande kiwe na macho matatu. Wengi hulaza muwa juu ya gogo na kuupiga panga. Panga likiwa butu, au gogo likiwa limebonyea, ncha za kipande hupasuka na kusagika. Na ncha iliyosagika ni mlango wazi: ukungu wa udongoni huingia humo, na kipande huoza kabla macho hayajachipua. Mwenye shamba huona mapengo katika mistari yake, akasema, "Mvua haikutosha," kumbe ni panga.

Mwaka mmoja sisi pamoja na wanafunzi tuliazimu kutengeneza chombo cha kukatia mbegu. Tulichukua kipande cha springi ya lori iliyokufa. Mhunzi wa kijiji alikipasha moto hata kikawa chekundu, akakifua, akakizamisha katika mafuta, kisha akakipasha tena polepole hata kikageuka rangi kama majani makavu, ili kiwe kigumu pasipo kuvunjika. Tulikifunga kwa bolti katika ncha moja juu ya gogo, na katika ncha ya pili tukakitia mpini mrefu wa mti. Chini tuliweka bamba nene la chuma, makali yapate kushuka yakiligusa bamba hilo ubavuni, kama mkasi. Toka bolti mpaka muwa ilikuwa inchi nne. Toka bolti mpaka mwisho wa mpini inchi 36. Hesabuni wenyewe, ninyi wanafunzi: mara tisa. Mtoto akibonyeza kwa nguvu ya kilo 8, muwa wakatwa kwa nguvu ya kilo 72.

Chombo kilifanya kazi vizuri mno. Ncha za vipande zilikuwa laini kama zilizopigwa randa. Mwanafunzi mmoja alishika muwa, mwenzake akabonyeza mpini, na rundo la mbegu likakua. Wazazi walikuja kutazama, nasi tukajisifu mioyoni mwetu.

Baada ya siku kadhaa makali yalipungua. Mwanafunzi mmoja, mwenye bidii kuliko wote, akalichukua tupa na jiwe, akayanoa. Aliyanoa kama panga linavyonolewa, yaani pande zote mbili. Hakufanya kosa kwa uvivu. Alifanya kosa kwa sababu hatukumfundisha. Makali yanayoshuka kando ya bamba hayapasi kunolewa ila upande mmoja tu, ule wa nje. Upande wa ndani sharti ubaki sawasawa kama kioo, ulale juu ya bamba bila nafasi. Ukinoa pande zote mbili, wafanya mwanya. Tazameni mkasi uliolegea msumari wake: haukati nguo, bali huikunja na kuimeza katikati. Ndivyo ilivyokuwa. Nyuzi za muwa ziliingia katika mwanya, muwa ukazunguka, ukakwama.

Aliyekuwa akishika muwa alipeleka mkono aunyoshe. Aliyekuwa akibonyeza hakuuona mkono huo, akabonyeza tena, safari hii kwa uzito wake wote.

Kijana yule alipoteza ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Tulimfunga, tukampeleka hospitali, tukakaa naye mpaka usiku. Kidole kilipona, lakini ncha haikurudi. Kosa halikuwa la mwenye kunoa, wala la mwenye kubonyeza, wala la mwenye kushika. Kosa lilikuwa letu sisi tuliotengeneza wenzo wa kuzidisha nguvu mara tisa, tukasahau ya kuwa chuma hakijui kuchagua kati ya muwa na mtoto.

Siku ya pili baba yake alikuja shuleni. Twasema kweli, tulimwogopa. Ni mkataji wa miwa wa siku nyingi, mwenye mikono kama magome ya mti. Tulimpa kiti, tukaanza kuomba radhi. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nimefanya kazi ya panga tangu ujana wangu, nami nimewaona watu wengi wakikatwa. Kila mara tulisema ni bahati mbaya, tukaendelea. Leo ni mwanangu. Sitaki uniambie ni bahati mbaya. Nataka uniambie ni kwa nini."

Tukamwambia kwa nini, jinsi tulivyokwisha kuwaambia ninyi: mwanya, muwa uliozunguka, watu wawili kwa kazi moja. Tukasema tena ya kuwa tutakitupa chombo kile mtoni. Akatikisa kichwa. "Ukikitupa," akasema, "kidole cha mwanangu kimepotea bure. Kitengeneze."

Basi tulianza upya, na hapo ndipo tulipokumbuka kile kikata sigara cha Babu, na yule msichana mdogo aliyetia kidole tunduni.

Fikirini. Tundu lile lashika sigara pande zote, isizunguke wala isikimbie. Ni jambo zuri. Lakini makali yake yako mdomoni mwa tundu, karibu na uso. Kwa hiyo kidole kikiingia kidogo tu, kimefika. Tundu huongoza kitu, lakini halilindi mtu. Je, kama tundu lingekuwa refu? Kama lingekuwa si tundu la bati, bali bomba?

Tulipata kipande cha bomba la chuma, chenye urefu wa futi moja na upana wa ndani inchi mbili, ambamo muwa hupita bila taabu. Tukakifunga kwa nguvu juu ya gogo, na mwisho wake ukasawazishwa kwa tupa mpaka ukawa bapa. Makali yakashuka yakiusugua mwisho huo wa bomba. Kwa hiyo mdomo wa bomba wenyewe ukawa makali ya pili. Muwa huingizwa upande wa nyuma, hutokeza upande wa mbele. Vidole vya mwenye kusukuma vi mbali na makali kwa futi nzima, na hata akitia vidole bombani havifiki. Muwa ukiwa umebaki mfupi, hausukumwi kwa mkono, bali muwa unaofuata huusukuma ule uliotangulia.

Upande wa mbele tuliweka ukingo wa mbao, mtu asipate kupeleka mkono. Vipande huanguka vyenyewe katika kikapu, hapana mtu wa kuvipokea. Na jambo kubwa kuliko yote: afanyaye kazi ni mtu mmoja tu. Mkono wa kushoto wasukuma muwa, mkono wa kuume washika mpini. Huhesabu macho yanavyotokea mbele, moja, mawili, matatu, kisha hubonyeza katikati ya pingili, si juu ya fundo. Mtu mmoja hawezi kujisahau mwenyewe kama awezavyo kumsahau mwenzake. Na jioni mpini hufungwa kwa mnyororo, ufunguo huwa kwa mwalimu.

Tukaandika juu ya gogo kwa rangi nyeupe: NOA UPANDE MMOJA. Yule kijana mwenye kidole kifupi ndiye aliyeyaandika maneno hayo, kwa mkono wake wa kuume.

Kabla hatujamaliza, liko neno moja la kuwaonya wakulima. Chuma kikatacho muwa mgonjwa kisha kikakata muwa mzima, hupeleka ugonjwa. Kuna ugonjwa mmoja wa miwa uliotambulikana kwanza huko Queensland, katika Australia, miaka ya 1944 na 1945. Ubaya wake ni kwamba hauna alama ya nje ya kuutambua upesi. Muwa wa kwanza huonekana vizuri. Bali machipukizi yake, mwaka wa pili na wa tatu, hudumaa, na mkulima hudhani udongo umechoka. Vijidudu vyake hukaa katika maji ya muwa, navyo husafiri juu ya panga kutoka shina hata shina. Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza ni kupanda mbegu safi. Mahali penye vyombo vya kazi hiyo, mbegu huzamishwa katika maji moto ya nyuzi 50 za Selsiasi muda wa saa mbili, wala joto lisizidi sana, maana macho yatakufa. La pili ni kusafisha makali kwa dawa ya kuua vijidudu, au kwa moto, kila unapotoka shamba moja kwenda jingine, na kila ubadilishapo mbegu. Mwenye kuazima panga la jirani alioshe kwanza. Si dharau kwa jirani. Ni heshima kwa shamba.

Basi, Mabibi na Mabwana, wakati wetu umekwisha. Tulianza na kitu kidogo cha kukatia ncha ya sigara, ambacho mzee alikihifadhi maisha yake yote asijue maana yake. Kesho mkishika kisu, panga, au mkasi, jiulizeni maswali manne. Kinachokatwa, kimeshikwa na nini? Makali yake yamenolewa upande gani? Nguvu yazidishwa mara ngapi? Na mkono wa mtu, u wapi wakati makali yashukapo? Mwanafunzi awezaye kujibu maswali hayo manne ajua mengi kuliko mwenye kukariri kurasa kumi za kitabu.

Mtatuuliza, na kile chombo cha Babu kimekwenda wapi? Tulimrudishia, tukamweleza kazi yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka sana. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni kitu cha maana!" Lakini hakukitupa. Alikifunga tena katika kitambaa chake, akaondoka nacho.

Kwaherini.